Somo: Kuanza kuruka ULM Lubumbashi, kutoka kwenye udongo mpaka safari ya kwanza ya peke yako

ULM ni ndeke nyepesi sana yenye moteri. Somo hili ni la mtu anayeanza na pandilere, ile ndeke ndogo yenye bawa la kitambaa juu, kigari cha magurudumu matatu chini na moteri nyuma ya mgongo. Mwenye ndeke ya usukani na pedali atafaidika pia, ila pale tunapogusa mikono na miguu aruke aya hiyo, maana kwake mambo ni kinyume.

Hatua ya 1. Soma hewa kabla ya kusoma ndeke

Namba zote za kitabu cha kiwanda, mita za kuondokea, mwendo wa kupanda, nguvu ya moteri, zimewekwa kwa usawa wa bahari na hewa ya digrii 15. Lubumbashi iko karibu mita 1,300, na hapo ndipo wanaoanza wengi wanajikwaa: wananunua ndeke kwa namba za pwani ya Ufaransa, wanairusha Katanga.

Hesabu yenyewe ni fupi. Kwenye mita 1,300 hewa ya kawaida ingekuwa na digrii 6 na nusu hivi. Kila digrii inayozidi hapo, ongeza mita 36. Asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita, digrii 10, ndeke inajiona iko mita 1,430. Mchana wa mwezi wa kumi, digrii 32, inajiona iko mita 2,200 na kitu. Pisti ni ileile, mtu ni yuleyule, lakini moteri ya Rotax 503 ya nguvu za farasi 50 imebaki na 40 au pungufu, na bawa linadai mbio zaidi kabla halijakubali kunyanyuka.

Kwa hiyo kitabu kikisema mita 120 za kuondokea, mchana wa joto hesabu karibu mara mbili. Nyasi fupi kavu, ongeza 20 kwa mia; nyasi zenye umande au mvua, 30 kwa mia. Kwa mwanafunzi, pisti chini ya mita 400 zilizo safi tusiizungumzie.

Hatua ya 2. Pisti na vichuguu vyake

Pori letu la miombo lina vichuguu virefu kuliko nyumba, vitatu au vinne kwa hekta, na juu yake miti imeota. Usikodi tingatinga kabla ya kuongea na wapiga matofali wa jirani: udongo wa kichuguu ndio wanaoutaka, watakusaidia kuubeba. Kosa linakuja baadaye. Watu wanasawazisha juu, wanaona pameiva, wanaruka. Chini ya kichuguu udongo umejaa matundu, na mvua za mwezi wa kumi na mbili zikifika, mahali pale panazama kama sahani. Gurudumu la mbele likiingia humo kwa kilomita 60 kwa saa, uma unapinda na helisi (mapanga yanayozungushwa na moteri) inagonga chini. Chimba mpaka udongo mgumu, jaza kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka ilowe kidogo na ishindiliwe kabla ya inayofuata. Kisha acha msimu mmoja wa mvua upite.

Sehemu ya kokoto nyekundu ina dawa yake: usisimame na kufungua moteri yote papo hapo, maana helisi inavuta mawe na kujipiga nayo. Anza kutembea taratibu, ongeza nguvu ndeke ikiwa inakwenda.

Hatua ya 3. Karatasi

Ruhusa ya ndeke na ya rubani inatoka kwa Autorité de l'Aviation Civile. Anga inayozunguka Luano, kiwanja cha ndeke cha Lubumbashi, iko mikononi mwa waongoza ndeke wa RVA (Régie des Voies Aériennes), na ndeke kubwa zinashuka hapo. Usiruke bila makubaliano nao, hata kama pisti yako iko shambani kwako. Mpaka wa Zambia uko karibu na hewani hauna kizuizi cha kukusimamisha. Jifunze alama za chini za upande wa kusini mapema.

Hatua ya 4. Esansi

Moteri ya 503 au 582 inataka esansi ya oktani 90 au zaidi, pamoja na mafuta ya moteri za mipigo miwili (2 temps) kwa kipimo cha 50 kwa 1. Bidoni la lita 20 linachukua mililita 400 za mafuta, la lita 10 mililita 200. Tia nusu ya esansi, mimina mafuta, tikisa, kisha jaza. Ukimimina mafuta mwisho, yanabaki yakielea, na lita ya kwanza inayofika kwenye moteri si ile uliyopima. 503 inapozwa na hewa, basi mafuta ya moteri za pirogi, zinazopozwa na maji, hayaifai.

Esansi ya Kadhafi, yule muuzaji wa barabarani, inaweza kuwa na petroli ya taa (mafuta ya taa). Dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe, subiri kivulini. Esansi safi inakauka na kutoweka. Iliyochanganywa inaacha doa la mafuta. Petroli ya taa inashusha oktani, moteri inagonga, pistoni inatoboka. Kwa maji, chuja kwa faneli yenye wavu mwembamba na acha bidoni litulie saa moja; sentimita mbili za chini usizimimine kabisa.

Pulizia kwa mdomo tundu la hewa la tangi. Nyigu wa udongo wanapenda kujenga ndani yake, kwa siku mbili tu. Likiziba, moteri inawaka vizuri, unapanda vizuri, na baada ya dakika kumi inakosa esansi ukiwa juu ya miti.

Hatua ya 5. Kabureta na buji

Hapa tukae kidogo. Hewa yetu ni nyepesi, lakini kabureta ya Bing 54 iliyotoka kiwandani inatoa esansi ya pwani. Matokeo: esansi nyingi, hewa kidogo. Moteri inakohoa katikati ya mwendo, moshi unazidi, buji (plagi za cheche) zinatoka nyeusi zenye masizi, nguvu inapungua juu ya ile iliyokwisha kupunguzwa na hewa yenyewe.

Kabureta ina sehemu tatu za kuamua. Tundu dogo linatawala mwendo wa polepole, sindano inatawala kuanzia robo hadi robo tatu ya akselereta, tundu kuu linatawala pale juu. Sindano ina klipu na mikato: klipu ikipanda mkato mmoja, sindano inashuka, esansi inapungua. Badilisha kitu kimoja kwa safari moja, kwenye kabureta zote mbili sawasawa.

Usibadilishe kwa kusikiliza sauti peke yake. Tazama joto la moshi. Kwa 503, mwendo wa kawaida uko kati ya digrii 460 na 580, na 650 ndiyo ukuta. Joto la kichwa cha silinda lisipite 250. Buji ni NGK B8ES, nafasi ya milimita 0.5; rangi ya kahawia kama ya biskuti ndiyo njema, nyeupe ni hatari kuliko nyeusi. Nyeusi inakunyima nguvu, nyeupe inakunyima moteri.

Kichujio cha hewa, msimu wa vumbi, kioshwe kila saa 10 za kuruka. Kikiziba, unarudi kwenye buji nyeusi na utailaumu kabureta bure.

Kabla ya kuondoka: dakika mbili kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, halafu 2,500 mpaka joto litulie. Kwa 582 ngoja maji yafike digrii 65. Ukiipa nguvu yote ikiwa baridi, pistoni inapanuka haraka kuliko silinda na inang'ang'ania ndani. Asubuhi za mwezi wa saba hili si jambo la vitabuni.

Hatua ya 6. Mikono na miguu, moteri ikiwa imezimwa

Kaa kwenye kigari, shika baa, fimbo ya kuongozea bawa. Kusukuma mbele kunanyanyua pua na kupunguza mwendo. Kuvuta kunaongeza mwendo. Baa ikienda kulia, ndeke inapinda kushoto. Chini pia ni hivyohivyo: mguu wa kulia ukisukuma, gurudumu linakwenda kushoto. Mwenye mazoea ya gari au ya ndeke ya usukani ana kazi mara mbili, kwa sababu siku ya hofu mikono inarudi ilikozoea. Saa tano za kutembea chini tu, bila kuruka, si hasara.

Ukaguzi wa kila siku unaanzia kwenye boliti linalobeba kigari chini ya bawa, na mkanda wake wa akiba. Kisha kebo moja moja: pitisha kitambaa chembamba, si kidole, uzi uliokatika utakishika kitambaa. Mishono ya bawa upande wa juu ndiyo inayochomwa na jua. Ndeke inayolala nje bila kufunikwa inazeesha kitambaa miaka miwili kwa mmoja.

Hatua ya 7. Kuruka na kutua

Msimu mzuri wa kujifunza ni mwezi wa tano na wa sita. Ruka jua linapochomoza, shuka kabla ardhi haijapata joto. Mwezi wa nane upepo wa kusini-mashariki unazidi, na moto wa pori unarusha hewa juu kwa nguvu. Moshi wake asubuhi unalala chini na kuficha nyaya za umeme.

Mtego wa kwetu uko kwenye kutua. Mwalimu amesema shuka kwa kilomita 80 kwenye saa ya mwendo. Mchana wa joto, 80 hiyo ni karibu 89 juu ya ardhi. Jicho linaona nyasi zinakimbia mno, mkono unasukuma baa kupunguza, na bawa linaacha kubeba likiwa mita 5 juu. Amini saa, usiamini nyasi. Mwendo wa kwenye saa haubadiliki kwa ajili ya urefu wa nchi. Kinachobadilika ni mita za pisti unazokula.

Moteri ikizima baada ya kuondoka, vuta baa papo hapo kabla hujafikiri kitu kingine, kisha chagua mahali mbele yako, kulia au kushoto kidogo. Kugeuka kurudi pistini ukiwa chini ndiko kunakoua.

Siku ya kwanza ya peke yako, kilo 80 za mwalimu hazipo. Ndeke itaruka mapema na kupanda wima kuliko ulivyozoea. Vuta baa mapema kidogo, punguza nguvu kidogo.

Maswali ya wanachama

Wa Kamalondo: Bakubwa, jambo yenu. Niko na moteri ya pikipiki ya 125, bado mpya. Siwezi kuifunga helisi nianze nayo pole pole?

Jibu: Hapana, ndugu. Moteri hiyo inatoa nguvu za farasi kama 10. Paramota ya mtu mmoja (mwavuli wenye moteri ya mgongoni), iliyo nyepesi kuliko zote, inaanzia 15 hivi kwa mtu mwembamba wa pwani. Kwa mita 1,300 tafuta 25. Zaidi ya hapo, gia ya pikipiki ilijengwa kuzungusha cheni, haikujengwa kwa mtikisiko wa helisi. Itavunjika kwenye shafti, na helisi iko mgongoni pako.

Wa Kolwezi: Nimepandisha klipu mkato mmoja, buji bado nyeusi. Nipandishe tena?

Jibu: Ngoja, yaya. Buji umezitoa baada ya nini? Ukitembea polepole kurudi kwenye hangari kisha ukazifungua, unasoma polepole peke yake. Ruka dakika tano kwa mwendo wa safari, zima kwenye mwendo huohuo ukiwa pistini, fungua hapo. Angalia kichujio kwanza. Na Kolwezi iko juu kuliko sisi, kwa hiyo tundu kuu dogo kidogo linaweza kuhitajika.

Wa Likasi akaongeza: Mkishamaliza kurekebisha, andikeni kwenye tangi. Ndeke iliyorekebishwa huku ikipakiwa kwenye kamyo mpaka Kalemie, ambako ziwa liko mita 770 hivi, inakuta hewa nzito na esansi kidogo. Buji nyeupe, pistoni tundu. Rudisha klipu na tundu la kiwanda kabla ya kuiwasha kule.

Mama mmoja wa Katuba: Mimi na mume wangu tunataka kuruka pamoja na 503. Yeye kilo 92, mimi 78. Inabeba?

Jibu: Mama, tuhesabu. Ndeke tupu kilo 195, ninyi wawili 170, esansi lita 30 ni kilo 22. Jumla 387. Kwa karatasi, kama kitabu kinaruhusu 400, imepita. Kwa hewa ya mwezi wa sita, jua likichomoza, pisti ya mita 500, inawezekana kama anayerusha kati yenu ni rubani mzoefu. Mwezi wa kumi mchana, hapana. Itanyanyuka, lakini haitapanda kuliko miti ya mwisho wa pisti. Mkitaka kuruka pamoja mwaka mzima, tafuteni 582 yenye nguvu za farasi 65, au 912 ya 80. Kabureta za 912 zinajirekebisha zenyewe kwa urefu, ila nguvu inapotea vilevile.

Wa Ruashi: Saa ngapi za mafunzo mpaka niruke peke yangu?

Jibu: Uingereza wanadai saa 25 kwa leseni nzima, 10 kati yake ukiwa peke yako. Ufaransa hakuna idadi, mwalimu ndiye anaamua. Hapa uliza swali lingine: umetua mara ngapi kwenye joto, na moteri ikiwa imepunguzwa mpaka mwisho? Ikiwa chini ya 30, rudi kwa mwalimu.

Wa Ruashi tena: Na ndeke niiachaje upepo ukija ghafla kabla sijaifunga?

Jibu: Izungushe ikae ubavu kwa upepo, ncha ya bawa ya upande wa upepo ishuke mpaka karibu na ardhi, breki, mawe kwenye magurudumu. Mtu mmoja ashike ncha hiyo ya chini, wa pili atafute kamba. Usiielekeze pua kwenye upepo ukaiacha. Bawa litajaa na kuondoka na kigari bila wewe.