Rangi ya kisanii kwenye ndege ya nyaya bila kuifanya nzito

Ndege ninazozungumzia hapa ni zile modeli za kuzungusha, we unasimama katikati umeshika mpini na nyaya mbili nyembamba za chuma zinaenda mpaka kwenye bawa la kushoto, urefu kama mita 18 mpaka 21 hivi, zile ambazo Jim Walker wa Portland, Oregon alizieneza Marekani miaka ya 1940. Kwenye mashindano ya taifa ya kule Muncie, Indiana, upande wa sarakasi za angani, ndege zinapangwa chini kabla hazijaruka na majaji wanapita wanatoa alama za muonekano mpaka 20, na hizo alama huzipati kama ndege hukuijenga mwenyewe. Kwenye daraja la kimataifa la FAI, shirikisho la michezo ya anga duniani, muonekano hauna alama kabisa, na bado watu wanazipamba hatari, kwa hiyo siyo alama tu, ni mapenzi.

Sasa jambo kubwa naliweka mapema: kinachofanya ndege ing'ae ni mbao iliyoko chini ya rangi na mizani iliyoko mezani, siyo bei ya rangi. Ndege ya sarakasi ya saizi ya kawaida ina kama kilo 1.6 mpaka 1.8 ikiwa tayari, na mimi naona kila kitu cha rangi, kuanzia dopu ya kwanza (ile lakeri nyepesi ya kupakia modeli za ndege) mpaka klia ya mwisho (rangi ya juu isiyo na rangi, ya kung'arisha), kisizidi gramu 250 hivi. Ukizidisha sana ndege inakuwa nzito kwenye kona na urembo wote hauna maana. Nunua mizani ya jikoni, pima kila baada ya hatua, andika.

Balsa, ile mbao nyepesi ya kujengea modeli, ipige msasa wa 320 alafu 400 mpaka ukipitisha kidole umefumba macho husikii kiungo. Paka dopu ya klia iliyotiwa tina nyingi, mara mbili au tatu, kila ikikauka vinyweleo vya mbao vinasimama unavikata na msasa. Alafu unalaza karatasi nyepesi ya silkspan au kitambaa chepesi cha kaboni juu ya mbao na kupaka dopu ipenye mpaka chini. Hapo ndo inakuja kazi ya kujaza vitundu: dopu unachanganya na poda ya mtoto au zinki stiareti, unapaka, inakauka, unapiga msasa mpaka karibu yote imeondoka imebaki ile iliyojificha ndani ya vitundu tu. Watu wengi wanaogopa kuiondoa, wanaona wametupa kazi yao, lakini hiyo poda ikibaki juu ni mzigo. Hapa usiwe na haraka hata kidogo, hii hatua ndo inachukua muda mrefu kuliko zote na inastahili.

Baada ya hapo puliza silva nyembamba sana. Silva inafanya kazi mbili, inaonyesha kila mkwaruzo ambao jicho lilikuwa halioni, na inaficha rangi ya mbao kwa uzito mdogo mno, kwa hiyo nyeupe au njano utakayoweka juu haihitaji makoti mengi. Ukiona mikwaruzo rudi kwenye msasa, usitegemee rangi itaficha, haifichi.

Ukiwa sehemu ya unyevu, mfano Dar au Mombasa kipindi cha mvua, dopu inapauka inatoa utandu mweupe kama ukungu, kwa sababu tina ikiruka haraka inapooza uso na unyevu wa hewani unagandia pale. Tumia tina inayokauka taratibu au subiri siku kavu.

Mchoro wenyewe ufikirie kwa umbali wa aina mbili. Angani ndege iko mita 20 kutoka kwenye mkono wako na majaji wako mbali zaidi, pale yanaonekana maumbo makubwa tu, kwa hiyo juu na chini ya bawa viwe na rangi zinazotofautiana wazi. Chini kwenye nyasi jaji anainama sentimita 50 kutoka kwenye bodi, pale ndo anaona mistari myembamba, riveti, majina, vivuli. Ndege nzuri ina vyote viwili na havigombani.

Kwa kingo za rangi tumia tepu nyembamba ya plastiki ile ya mafundi magari, ya karatasi inavujisha. Ukishaibandika pitisha kucha pembeni, puliza koti jepesi la rangi ya chini au klia kwanza ili izibe kingo, ndo uweke rangi mpya, koti nyembamba nyembamba. Toa tepu rangi ikiwa bado laini kidogo, ukiikunjia nyuma juu yake yenyewe, usiivute kwenda juu. Na angalia nyekundu, nyekundu nyingi zinapanda, ukiweka nyeupe juu yake kesho unakuta pinki, kwa hiyo nyeupe itangulie.

Rangi inayofifia taratibu kuingia kwenye nyingine unaifanya na eabrashi, ile bunduki ndogo ya kupulizia rangi, presha ndogo, unaanzia mbali unasogea. Rangi za kendi, zile zinazopitisha mwanga juu ya silva au dhahabu, ndo nzuri kuliko zote kwa macho yangu, jua likipiga bodi inawaka kutoka ndani, lakini hazisamehe, kila pasi inayopandana na nyingine inaacha mstari mweusi zaidi, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha balsa kilichoandaliwa vilevile.

Mistari ya wino unachora na kalamu ya kuchorea ramani kabla ya klia, uso ukiwa umepigwa msasa laini sana ili wino ushike. Klia ya kwanza juu ya wino iwe ya vumbivumbi, karibu kavu, ukiilowesha wino unakimbia.

Kwa klia, ya magari yenye hadina (dawa ya kuigandisha) inahimili mafuta ya injini ya methanoli na nitro kuliko dopu na makoti mawili yanatosha, ila ina kemikali ya isosayaneti ambayo inaharibu mapafu, barakoa ya kitambaa haisaidii chochote, unataka ile ya kuletewa hewa safi au mpelekee fundi mwenye chumba cha kupulizia. Na dopu ya chini iache ikauke wiki kadhaa kwanza, la sivyo gesi inatoka inatengeneza malengelenge chini ya klia.

Mwisho msasa wa maji 1500, 2000, alafu kampaundi ya kung'arishia kwa mkono. Kwenye kona na kingo za mbele za bawa usiguse sana, pale klia ni nyembamba na ukipasua unaingia kwenye rangi. Ukipaka nta chagua isiyo na silikoni, maana siku ukitaka kurekebisha sehemu iliyogonga, rangi mpya juu ya silikoni inajikusanya inaacha vishimo kama macho ya samaki.