Jinsi ya Kukagua Samani za Kale za Marekani Kabla ya Kulipa: Mwongozo kwa Wanunuzi wa Nairobi

Wafanyakazi wa balozi na mashirika ya kimataifa wanapomaliza muda wao Nairobi, vyombo vyao vya nyumbani huuzwa uani au hupelekwa mnadani. Mara moja moja, katikati ya friji na majiko, hutokea kabati, dawati au kiti kinachosemekana kuwa cha Marekani ya mwanzo, yaani kilichotengenezwa kati ya karne ya 17 na miaka ya 1820 au 1830. Katika maonyesho makubwa ya vitu vya kale kule Marekani, kama yale ya majira ya baridi yaliyoanza New York mwaka 1955, jopo la wataalamu hupitia kila kifaa kabla ya milango kufunguliwa, na kinachotiliwa shaka huondolewa. Mnunuzi wa uani Lavington au Gigiri hana jopo la namna hiyo. Anapaswa kukagua mwenyewe, na kazi hiyo inawezekana kabisa kwa mtu mwenye subira na macho makini, kwa sababu samani ya kale hubeba ushahidi wa umri wake sehemu ambazo fundi hakutarajia mtu azitazame.

Nenda siku ya kutazama, si siku ya kununua, na uende asubuhi ambapo mwanga ni mzuri na watu ni wachache. Beba tochi, futi ya kupimia, kioo cha kukuzia, sumaku ndogo na kitambaa safi cha kutandika chini. Mwombe mwenye mali ruhusa kabla ya kugusa chochote. Maneno kama "Mama, naomba nivute droo hii hadi nje, nitairudisha kama ilivyokuwa" hufungua mlango zaidi ya maswali kumi kuhusu bei. Anayekataa kabisa samani yake igeuzwe ana haki hiyo, ila nawe una haki ya kuondoka.

Usianze na sehemu ya mbele. Hiyo ndiyo iliyokusudiwa kuonekana, ndiyo iliyopigwa msasa na kung'arishwa mara nyingi, na ndiyo ambayo mghushi huishughulikia kuliko zote. Anza na droo. Ivute yote, itandikie kitambaa, kisha uilaze kifudifudi. Pitisha vidole taratibu kwenye ubao wa chini, ukikata mkondo wa nyuzi za mbao. Ubao uliolainishwa kwa randa ya mkono una mawimbi mafupi ambayo jicho huenda lisiyaone lakini kidole huyahisi mara moja, ilhali ubao uliopita kwenye mashine ni bapa mfululizo. Kagua kingo za ubao huo: katika kazi nyingi za zamani zilichongwa mshazari kwa randa ili ziwe nyembamba na kuingia kwenye mfereji wa mbavu za droo. Sasa tazama pembe ambapo mbavu zinakutana na uso wa mbele. Fundi wa karne ya 18 alikata kwa msumeno na patasi meno machache, mapana kwenye ncha na membamba kwenye shina, nayo hayalingani sawasawa. Mara nyingi utaona pia mstari mwembamba aliouchora kwa ncha ya chuma kabla ya kukata. Meno mengi yanayofanana kabisa ni kazi ya mashine, na mashine hizo zilienea katika nusu ya pili ya karne ya 19.

Kabla ya kuirudisha droo, linganisha uchakavu. Kingo za chini za mbavu huliwa kwa kusuguliwa miaka mingi, na reli zilizomo ndani ya kabati lazima ziwe zimeliwa kwa kiasi kinachoendana nazo. Mbavu zilizochakaa zikitembea juu ya reli mpya, kitu kimoja kimebadilishwa. Tazama pia rangi. Mafundi wa Marekani kwa kawaida waliacha ndani ya droo bila vanishi, kwa hiyo mbao hiyo hubadilika rangi polepole kwa hewa na vumbi, ikiwa nyeusi zaidi palipo wazi na nyeupe zaidi palipofichika. Ndani kukiwa kumepakwa rangi ya kahawia iliyolingana kila mahali, muulize muuzaji ni kwa nini.

Misumari, skrubu na alama za msumeno ndizo zinazokaribia kutaja miaka. Kabla ya miaka ya 1790 misumari ilifuliwa mmoja mmoja na mhunzi, kichwa chake kikiwa na nyuso zilizogongwa kwa nyundo. Kuanzia miaka hiyo hadi karibu mwisho wa karne ya 19 ilitawala misumari iliyokatwa kwa mashine kutoka bamba la chuma, yenye shina la pembe nne. Msumari wa waya wa mviringo, ule tunaoununua leo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, haukuenea hadi miaka ya 1880 na 1890. Skrubu za zamani zina ncha butu na mfuo wa kichwani usiokaa katikati. Zenye ncha kali zilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1840. Mbao zilizopasuliwa kwa msumeno wa shimo, unaovutwa na watu wawili, mmoja juu ya gogo na mwingine chini yake, ambao wazee wa sehemu zetu za misitu waliufahamu vizuri, au kwa msumeno wa mashine ya maji uliopanda na kushuka, zina mikwaruzo iliyonyooka. Mikwaruzo iliyopinda kama upinde ni ya msumeno wa duara, ambao haukuwa wa kawaida kabla ya takriban mwaka 1830.

Niliwahi kukagua kabati la droo nne lililodaiwa kutoka Massachusetts ya miaka ya 1780, na uso wake ulikuwa wa kupendeza sana. Lakini mbao za mgongoni zilikuwa na mikwaruzo ya upinde kutoka juu hadi chini, na zilishikiliwa na misumari ya waya bila tundu lingine lolote kuonyesha kwamba misumari ya awali iling'olewa. Alama moja ya aina hiyo ingeweza kuwa matengenezo, lakini zote mbili pamoja, kwenye mgongo mzima, zilionyesha kabati lililozaliwa baadaye sana. Mwenye mali alinishukuru, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa ameuziwa kwa hadithi ile ile.

Aina ya mbao inastahili muda mrefu zaidi kuliko wanunuzi wengi wanavyoupa. Mahogani iliyo mbele haikuambii mengi, kwani mafundi wa London na wa Boston waliinunua kutoka visiwa vilevile vya Karibi. Kinachotofautisha ni mbao za bei nafuu zilizotumika mahali pasipoonekana. New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki, walitumia sana msonobari mweupe, mwepesi na laini. Rhode Island waliongeza chesnati. Philadelphia na majirani zake walipenda popla ya tulipu, yenye rangi ya kijani hafifu inayogeuka kahawia. Majimbo ya kusini yalitumia msonobari wa manjano, mzito na wenye utomvu. Mgongo na droo za samani ya mahogani zikiwa za mwaloni, huenda unatazama samani ya Uingereza, ambayo si aibu kuimiliki, ila bei yake ni nyingine. Wengi wetu tunautambua mvule na mkangazi kwa kuuona tu, lakini mbao hizi za mbali zinahitaji jicho lililofundishwa. Mlipe fundi seremala mzoefu wa Ngong Road au Gikomba muda wake, uje naye. Huenda hajawahi kusikia habari za Newport au Salem, miji ya Marekani iliyosifika kwa samani, lakini atakuambia papo hapo palipopita randa ya umeme, palipotiwa gundi ya kisasa, na mguu upi si wa meza ile.

Pima pia kila kitu cha duara. Mbao husinyaa kwa upana na karibu haisinyai kwa urefu, kwa hiyo uso wa meza ya mviringo iliyotimiza miaka 200 haubaki mviringo kamili. Pima kufuata nyuzi, kisha kukata nyuzi. Kipimo cha pili kinapaswa kuwa kifupi kidogo. Vipimo viwili vikilingana kabisa, ubao ule una maswali ya kujibu.

Mitindo utaizoea haraka, nami sitakaa hapo sana. Karne ya 17 ilikuwa ya masanduku mazito ya mwaloni yaliyofungwa kwa vigingi. Kuanzia karibu 1725 miguu ilipindwa kama goti, kwa mtindo uitwao Queen Anne. Baada ya 1755 hivi ikaja nyayo ya kucha iliyoshika mpira, kwa mtindo uliopewa jina la Chippendale, seremala wa London. Na kuanzia karibu 1790 miguu ilinyooka, ikapunguzwa kuelekea chini na kupambwa kwa vipande vya mbao za rangi tofauti. Kumbuka tu kwamba mtindo hauthibitishi umri. Baada ya maonyesho makubwa ya Philadelphia ya mwaka 1876, Wamarekani waliipenda upya enzi ya mababu zao, na viwanda vikatengeneza nakala kwa wingi. Nakala nyingi kati ya hizo ni imara na nzuri, na zinafaa kununuliwa kwa bei ya fanicha nzuri.

Hata wataalamu wamewahi kudanganywa. Mchongaji Armand LaMontagne wa Rhode Island alitengeneza mwaka 1969 kiti kikubwa kwa mtindo wa karne ya 17, akakizeesha kwa makusudi, kikapita mikononi mwa wauzaji hadi kikanunuliwa na makumbusho ya Henry Ford huko Michigan. Alipojitokeza mwaka 1977, eksirei zilithibitisha kauli yake: matundu ya viungo yalikuwa yametobolewa kwa keekee ya kisasa, ambayo huacha alama tofauti na ya kale. Makumbusho yalikihifadhi kiti hicho kwa ajili ya kufundishia. Angalia kwamba kilichomsaliti kilikuwa ndani ya kiungo, mahali ambapo rangi na uchakavu wa bandia havikufika.

Vanishi inahitaji heshima ya pekee, na hapa pwani yetu inahusika moja kwa moja. Kuanzia miaka ya 1820 meli za Salem, Massachusetts, zilifika Unguja zikileta kitambaa cha merikani na kurudi na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi, utomvu wa miti uliogandamana, iliyochimbwa ardhini Mrima, pwani inayokabili Unguja. Mwaka 1833 Marekani ikatia saini mkataba wa biashara na Said bin Sultan, Sultani wa Oman na Unguja. Sandarusi hiyo ilisafishwa na kuyeyushwa kuwa vanishi ngumu, iliyopendwa na watengenezaji wa samani na magari ya farasi. Kwa hiyo samani ya New England ya miaka ya 1830 na kuendelea huenda imevikwa utomvu uliochimbwa na watu wa pwani ya Afrika Mashariki, nami huona uchungu kila ninapomsikia mtu wa Nairobi akijisifu kwamba amepeleka samani ya kale ipigwe msasa hadi ing'ae kama mpya. Msasa huondoa vanishi ya asili, huondoa alama za randa, na huondoa sehemu kubwa ya thamani. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, paka nta kidogo mara chache kwa mwaka, basi.

Vyombo vidogo navyo vina alama zake. Vyombo vya madini ya fedha vya Marekani vya karne ya 18 havikuwa na mfumo wa mihuri rasmi kama wa Uingereza. Kwa kawaida utakuta herufi au jina la sonara peke yake, kama alivyofanya Paul Revere wa Boston, na neno "sterling", linalotaja kiwango cha usafi wa fedha, likipigwa juu ya kijiko ni dalili kwamba huenda ni cha baada ya miaka ya 1850. Vishikio vya shaba visishike sumaku, na ndani ya droo hesabu matundu: yakizidi yale ya nje, vishikio vimebadilishwa.

Kabla ya kulipa, fikiria sheria. Kitu chochote chenye pembe ya ndovu, hata kipande kidogo kwenye tundu la ufunguo, kinaangukia Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, na hakiuzwi kiholela. Chini ya Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Urithi ya mwaka 2006, kifaa kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895 ni cha kale kisheria, na milango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya 1946 inalindwa. Kuvitoa nchini kunahitaji kibali. Kwa hiyo mwombe muuzaji stakabadhi za kuingiza samani ile, hata kama ni nakala ya fomu ya mizigo ya kampuni iliyoihamisha, kwa sababu zitathibitisha imeingia lini na zitakusaidia siku ukitaka kuiuza nje.

Ukishaifikisha nyumbani, iweke mbali na dirisha linalopigwa na jua la mchana, na isigusane na ukuta wenye unyevu. Viti vya Windsor, vyenye mgongo wa vijiti vya mbao, ambavyo miguu yake imeshikwa na kusinyaa na kuvimba kwa mbao yenyewe, hulegea katika ukavu wa Januari na Februari. Usipige msumari, mwite fundi atumie gundi ya kuchemsha ya ngozi, ambayo inaweza kufunguliwa tena. Kagua chini ya miguu kila baada ya miezi michache. Vumbi jipya lenye rangi ya unga chini ya tundu dogo la mviringo lina maana kwamba wadudu wanaobungua mbao bado wako hai, na samani hiyo itengwe na nyingine siku hiyohiyo.