Kumpima mtu asiyeumwa: mwongozo wa uchunguzi wa kinga kwenye kliniki ya ngazi ya msingi

Kabla ya kuagiza kipimo chochote, hakikisha mtu aliye mbele yako kweli hana dalili. Mama anayetokwa damu baada ya tendo la ndoa, au mzee aliyeona damu kwenye choo, hahitaji uchunguzi wa kinga. Huyo ni mgonjwa na achunguzwe kwa dalili yake. Ukimpanga kwenye foleni ya wazima, saratani inaweza kupata muda wa kusambaa.

Kwa asiye na dalili, anza na historia: umri, tumbaku (sigara ngapi kwa siku, miaka mingapi), pombe, dawa anazotumia, kipimo cha mwisho alifanya lini na majibu yalikuwaje. Kisha uliza kuhusu ndugu wa damu. "Baba alifariki kwa tumbo" halijatosha. Uliza kama ilikuwa saratani, ya sehemu gani, na aligunduliwa akiwa na miaka mingapi, kwani aliyepoteza mzazi kijana kwa saratani ya utumbo mpana huanza kuchunguzwa mapema kuliko wengine.

Presha hupimwa kwa kila mtu mzima, na hakuna kipimo kinachoharibiwa kirahisi kama hiki. Mteja asiwe amevuta sigara, kunywa kahawa wala kufanya mazoezi ndani ya dakika 30 zilizopita. Aende haja ndogo kwanza. Kisha aketi kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili sakafuni, miguu isipishane. Mkono ulale mezani usawa wa moyo. Ukining'inia, namba hupanda. Funga mkanda juu ya ngozi, si juu ya nguo. Mfuko wa hewa ulio ndani ya mkanda uzunguke walau asilimia 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha ya juu isiyokuwepo, na mtu anaanzishiwa dawa kwa kosa la mkanda. Kwa hiyo kila chumba kiwe na mkanda mkubwa pia. Mashine ikifanya kazi, nyamazeni wote wawili. Pima mara mbili, mkiachanisha dakika 1 au 2, uandike wastani.

Ukipata 140/90 au zaidi, thibitisha siku nyingine kabla ya kumwita mtu mgonjwa wa presha. Ikifika 180/110, rudia papo hapo na uulize kuhusu maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kuona ukungu au udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Kimoja kikiwepo, ni rufaa ya dharura.

Sukari ya kufunga inataka saa 8 bila chakula, maji yanaruhusiwa. Majibu ya 7.0 mmol/L au zaidi kwa asiye na dalili yarudiwe siku nyingine.

Kwa saratani ya mlango wa kizazi, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kipimo cha vinasaba vya HPV, kirusi kinachosababisha saratani hiyo, kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10. Anayeishi na VVU aanze akiwa na miaka 25, kila miaka 3 hadi 5. Mwanamke anaweza kujichukulia sampuli ukeni mwenyewe. Mpe nafasi hiyo, maana wapo wanaokwepa kipimo kwa aibu tu ya kitanda cha uchunguzi. Kabla hajaondoka mwambie: "Ukikutwa na kirusi, si saratani. Maana yake tutakuangalia zaidi na kutibu mapema." Asipoambiwa, atayapokea majibu kama hukumu, na huenda asirudi.

Kwa saratani ya utumbo mpana, kipimo cha kinyesi kinachotafuta damu isiyoonekana kwa macho hufanywa kila mwaka au kila miaka 2, kutegemea mwongozo wa nchi. Marekani ilishusha umri wa kuanza kutoka 50 hadi 45 mwaka 2021, nchi nyingine zina umri wao, nawe fuata wa kwako. Kinyesi kisiguse maji ya choo wala mkojo. Majibu yakionyesha damu, hatua inayofuata ni kolonoskopi, yaani kuangalia ndani ya utumbo mpana kwa kamera. Usirudie kipimo cha kinyesi ili "kuhakikisha": uvimbe huvuja damu leo na kesho usivuje, na majibu safi ya mara ya pili yatamtuliza mtu mwenye saratani.

Kwa mvutaji wa sigara, muulize: "Uliwahi kujaribu kuacha? Nini kilikurudisha?" Jibu lake ndilo msingi wa mpango. Akiwa tayari, achague tarehe ndani ya wiki 2 zijazo, mweleze dawa zilizopo, na umpigie simu wiki ya kwanza ya kuacha, kwani hapo ndipo wengi huteleza.

Kuna vipimo vya kukataa pia. Kutafuta saratani ya ovari au ya tezi ya shingo kwa mtu asiye na dalili wala hatari maalumu huleta hofu na upasuaji usio wa lazima.

Mwisho, rejista. Kila sampuli iliyotoka iwe na tarehe ya kutoka, tarehe ya majibu, jina la aliyemjulisha mteja, na tarehe ambayo rufaa ilikamilika. Kila wiki mtu mmoja anayejulikana apitie mistari yenye nafasi tupu na apige simu.