Namna ya Kuutembea Mtaa wa Oysterbay kwa Miguu na Kuuelewa

Mtu anayepita Oysterbay kwa gari huona kuta, mageti na miti mirefu, kisha hujikuta yuko Masaki kabla hajauona mtaa wenyewe. Mtaa huu wa ufukweni, kaskazini mwa katikati ya jiji la Dar es Salaam, ulipangwa na serikali ya kikoloni ya Uingereza uwe makazi ya Wazungu, na tangu wakati huo umebaki kuwa wa wenye nafasi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya historia yake imo kwa watu waliokuwa wakiingilia mlango wa uani, na hilo hulitambua tu anayetembea polepole.

Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijakali, na uchague siku ambayo maji yatakuwa yamekupwa wakati huo. Mahali pazuri pa kuanzia ni upande wa mjini wa Daraja la Tanzanite, karibu na Hospitali ya Aga Khan. Daraja hilo, lenye urefu wa mita 1,030 na lililofunguliwa mwaka 2022, lina njia ya waenda kwa miguu, nawe ukifika katikati yake simama utazame upande wa bara, ulipo mkono wa bahari wenye mikoko na daraja la zamani la Salenda. Daraja la kwanza pale lilijengwa karibu na mwaka 1930, likapewa jina la John Einar Selander, mkurugenzi wa kwanza wa Kazi za Umma wa Tanganyika. Usilipuuze daraja hilo, kwa maana ndilo lililoufanya mtaa uwezekane: mji ulikuwa umegawanywa kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na maofisa waliotaka viwanja vikubwa na upepo wa bahari hawangeweza kuishi ng'ambo ya maji bila njia ya kuwafikisha ofisini.

Ukishuka darajani, fuata barabara ya Toure kando ya ufukwe wa Coco. Maji yakiwa yamekupwa utaona miamba ya matumbawe imejitokeza, yenye ncha kali kiasi kwamba kandambili hazitoshi. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini jina la mtaa linataja chaza, ambao hushikamana na miamba. Mihogo ya kukaanga na mishikaki, ambavyo kwa wakazi wengi wa jiji ndivyo vinavyolipa jina la Coco maana yake, hutaviona saa hizo. Rudi Jumapili jioni. Zingatia pia majina ya barabara unazokutana nazo: Toure, Haile Selassie, Kaunda, Kenyatta. Taifa jipya lilibandika majina ya viongozi wa Afrika kwenye mtaa uliojengwa ili Mwafrika asilale humo isipokuwa kama mtumishi.

Sasa kata kushoto uingie vichochoro vya ndani. Ili utambue nyumba ya zamani, usitafute fahari. Tafuta nyumba ya wastani iliyoketi katikati ya kiwanja kikubwa mno kwake, yenye paa la vigae, baraza pana na madirisha yanayopokea upepo wa kaskazi na wa kusi. Kisha tazama nyuma yake. Pale mwisho wa kiwanja, mara nyingi chini ya mwembe, pana banda la uani lenye vyumba vidogo viwili au vitatu vilivyopangwa mstari mmoja, na mlango wake haukuelekezwa kwenye nyumba kubwa. Banda hilo ndilo alama ya uhakika, kuliko hata vigae. Nyumba za namna hii zinapungua: baada ya uhuru wa 1961 nyingi zilikaliwa na watumishi wakuu wa serikali, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali iliuza sehemu ya nyumba zake kwa watumishi, uamuzi ambao bado unabishaniwa. Viwanja kadhaa vimeota maghorofa.

Adabu ya kutembea huku ni kuwasalimu walinzi kabla hawajakuuliza lolote. Mimi niliwahi kusimama nikichora paa katika daftari, na mlinzi akanijia akiwa amekunja uso. Nilipomwamkia "shikamoo" na kumweleza, alinionyesha mwenyewe nyumba nyingine iliyo kongwe zaidi. Usipige picha za balozi wala za mageti. Tahadhari hiyo ina sababu: tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani, katika barabara ya Laibon, likaua watu 11, na ubalozi ukahamishwa.

Malizia barabara ya Haile Selassie, kwenye Morogoro Stores, baada ya saa tatu, mafundi wa kuchora picha wakiwa wameshafika. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini mwa Tanzania aliyewahi kufanya kazi ya nyumbani kwa Mzungu, alianza mwaka 1968 kuchora wanyama juu ya vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, akitumia rangi inayopakwa baiskeli, na picha zake zikauzwa nje ya duka hilo kwa wakazi wale wale wa nyumba zenye mabaraza. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, lakini jamaa na wanafunzi wake waliendelea, na ushirika wao bado uko hapo.

Usinunue picha ya kwanza uliyoonyeshwa. Kaa kwenye benchi, mwangalie fundi akipaka usuli kwanza, kisha mwili wa chui, na madoa mwisho kabisa, moja baada ya jingine. Ukiridhika, gusa ukingo wa picha kwa ncha ya kidole. Ikinata, lipa nusu, umwombe akuwekee hadi kesho.