Kabla hujatoa adivansi ya madirisha mapya: jinsi ya kulinganisha kotesheni bila kupigwa

Ukiita mafundi watatu wakupigie bei ya kubadilisha madirisha ya nyumba utashangaa, mmoja anakuja na namba, wa pili anakuja na karibu mara mbili yake, wa tatu yuko katikati, na wote wameangalia madirisha yale yale. Wengi hapo wanamchukua wa katikati wakiamini ndo usalama. Mi naona hapo ushaanza kupotea, kwa sababu hao watatu hawajakupigia bei ya kitu kimoja. Mmoja kahesabu kioo cha milimita 4, mwingine cha 6, mmoja kaweka wavu wa mbu humo humo na mwingine hajaweka, mmoja kahesabu kung'oa ya zamani na kuziba plasta, mwingine atakwambia siku ya kazi "plasta sio kazi yetu, tafuta fundi ujenzi". Kufananisha hizo namba ni kupoteza muda. Kwanza mafundi wote wapewe maelezo yale yale, na hayo maelezo unaandika wewe.

Karatasi moja inatosha. Zunguka nyumba, kila dirisha lipe namba, andika liko chumba gani, upana na urefu wa tundu, unataka lifunguke vipi, lina grili au halina, jua linapiga asubuhi au jioni, alafu andika linakusumbua nini sasa hivi. Hicho cha mwisho watu wanakiruka na ndo chenye maana kuliko vyote, manake kama shida ni mvua kuingia kwa chini, au joto la mchana, au kelele za nje, kila moja ina dawa yake, unaweza ukabadilisha nyumba nzima na shida ikabaki palepale. Na saa zingine ukiangalia vizuri unakuta dirisha ni zima kabisa ila magurudumu yameisha au raba imekauka, hivo vinabadilishwa vyenyewe na fremu inabaki. Fundi anayekwambia hivyo badala ya kukuuzia dirisha jipya, namba yake itunze.

Vipimo sasa. Upana pima juu, katikati na chini, urefu pima kushoto, katikati na kulia, alafu shika kile kidogo kuliko vyote. Pima pia kona kwa kona kama unachora herufi X, zikitofautiana ujue tundu limekaa upande. Fremu inatengenezwa ndogo kidogo kuliko tundu, kama milimita 5 mpaka 10 kila upande, ipate nafasi ya kunyooshwa na kuzibwa. Lakini vipimo vyako ni vya kuombea bei tu. Vya kutengenezea lazima fundi aje apime mwenyewe na iandikwe kwamba kapima yeye, ili siku dirisha limekuja haliingii hiyo kesi isiwe yako. Anayekubali kukata alminiamu kwa vipimo ulivyomtumia kwenye simu bila kukanyaga kwako, mi hapana. Na kama unataka kupanua tundu, juu ya dirisha kuna linta inayobeba ukuta, hiyo unauliza fundi wa ujenzi au injinia, sio fundi wa vioo.

Kwenye kioo ndo hela nyingi inapofichwa, kwa sababu kikishaingia kwenye fremu huoni unene wake. Kwa hiyo kotesheni iseme milimita ngapi na kioo cha aina gani, ikiandikwa "kioo kizuri" au "kioo cha kisasa" irudishe. Kila milimita moja ya unene ni kilo 2.5 kwa mita moja ya mraba, maana yake mita moja ya kioo cha 4 ni kilo 10 na cha 6 ni kilo 15. Sio unene tu unaoongezeka hapo, ni mzigo ambao fremu, bawaba na magurudumu yatabeba kila siku, kwa hiyo mtu anayekupandishia kioo bila kukupandishia hivyo vingine anakutengenezea tatizo la mbeleni.

Kioo cha kawaida kikivunjika kinatoa vipande virefu vyenye makali. Kile cha tempa kinapashwa moto sana kiwandani kisha kinapoozwa ghafla, kinakuwa kigumu zaidi na kikivunjika kinasambaratika punje punje ambazo hazikati vibaya. Sehemu kama milango, vioo vya pembeni ya mlango, bafuni na madirisha yanayoshuka karibu na sakafu, sheria za ujenzi za nchi nyingi zinataka kioo cha usalama, na hata kama kwenu hamna anayekagua we weka tu, hasa kama kuna watoto. Tempa haikatwi wala kutobolewa ikishatengenezwa, ndo maana kipimo kikikosewa kioo kizima kinatupwa, na mara nyingi ina mhuri mdogo kwenye kona, ukaguze siku vioo vinaletwa na sio siku vimeshapachikwa. Kuna na kile cha laminati, vioo viwili vimegandishwa na utando wa plastiki katikati. Kinapasuka lakini vipande vinabaki vimeshikana, mwizi anapata taabu kupita, na kinapunguza kelele kuliko kioo kimoja cha unene ule ule.

Alafu vioo viwili vyenye uwazi katikati. Hapa wauzaji wanaongea sana kwa hiyo uliza namba moja tu, thamani ya U, ambayo ni joto linalopita kwenye mita moja ya mraba kwa kila tofauti ya digrii moja kati ya ndani na nje, ikiwa ndogo ndo bora. Kioo kimoja kinacheza kwenye 5.8 hivi, viwili vya kawaida vyenye hewa katikati kama 2.8, na viwili vyenye gesi ya agoni na ule utando mwembamba wa kurudisha joto vinaweza kushuka mpaka karibu 1.1. Uliza pia kama hiyo namba ni ya kioo peke yake au ya dirisha zima na fremu yake, maana wanapenda kukupa ile inayopendeza. Kwenye baridi hiyo namba inalipa. Kama tatizo lako ni jua kali basi U sio ya kwanza, ya kwanza ni kiasi cha joto la jua kinachopenya kwenye kioo, na hapo kivuli cha nje, yaani mti au paa lililojitokeza, mara nyingi kinakusaidia kuliko kioo cha gharama. Kuhakiki walicholeta, washa kiberiti usiku karibu na kioo uhesabu miale inayojirudi, vioo viwili vinaonyesha miale minne, na mmoja ukiwa na rangi tofauti na wenzake ule utando upo. Ukiona ukungu katikati ya vioo viwili, mahali ambapo huwezi kufikisha kitambaa, ziba yake imeshakufa, na hapo hamna dawa ila kubadilisha kioo.

Fremu nitaenda haraka. Mbao nzuri inapendeza na haipitishi sana joto ila inadai rangi kila baada ya muda na mchwa hawana huruma. Plastiki ile ngumu ya yu-pi-vi-si nayo haipitishi sana joto, ila uliza kama ndani ina chuma cha kuishikilia, maana dirisha kubwa la plastiki tupu linapinda. Chuma ni imara na kizito na kinataka kulindwa na kutu. Alminiamu ndo inayodanganya watu, kwa sababu kwa nje profaili (vile vipande virefu vinavyokatwa kuunda fremu) nene na nyembamba zinafanana kama mapacha, na majina ya "siriz" hii na ile yanataja mfumo au upana wa fremu, hayakwambii ukuta wa alminiamu una unene gani. Omba kipande kilichokatwa, pima ukuta wake kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, kibonyeze kwa vidole, alafu kitunze, siku wanaleta madirisha ulinganishe. Rangi ya unga iliyochomwa iwe na unene wa mikroni 60 kwenda juu (mikroni 1,000 ni milimita moja). Anayekataa kukuachia kipande cha sampuli, jiulize kwa nini.

Uwazi nao. Dirisha la slaidi la vipande viwili linafunguka nusu tu, kwa hiyo ukibadilisha la bawaba kuweka slaidi umepoteza nusu ya hewa, hilo watu wanaligundua wakati wa joto. La bawaba linafunguka lote na linabana vizuri zaidi likifungwa, ila linahitaji nafasi ya kufungukia na bawaba za maana. Karibu na bahari bawaba na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316 kama zinapatikana, skrubu za chuma cha kawaida zikikaa na alminiamu kwenye chumvi zinakula fremu taratibu. Grili usisahau, kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja lenye grili unayoweza kuifungua ukiwa ndani, moto ukiwaka usiku utataka pa kutokea.

Sasa ufungaji, ambao mi naupa uzito kuliko hata kioo, dirisha la bei likifungwa vibaya linavuja kama la bure. Uliza fundi kama kizingiti cha nje kitakuwa na mteremko wa kutoa maji nje. Uliza atatumia silikoni ya aina gani, ile inayonuka kama siki inaweza kula baadhi ya metali na haielewani na simenti, ya kuta na alminiamu ni ile ya nyutro. Povu la kujazia likiachwa wazi linaoza kwa jua, lazima lifunikwe. Na zile tundu ndogo kwenye reli ya chini ya slaidi sio kasoro, ni njia ya maji, kuna mafundi wanaziziba na silikoni wakidhani wanakusaidia, alafu mvua ya kwanza reli inajaa maji yanamwagikia sebuleni. Plasta iishe kabla au fremu zifunikwe, simenti mbichi inababua alminiamu na doa lake halitoki. Nyumba ikiwa ya zamani, rangi ya madirisha ya mwanzo inaweza kuwa na madini ya risasi ambayo ni sumu, wasiipige msasa mkavu ndani na watoto wapo.

Ukishapata kotesheni zote kwa maelezo yaleyale, ndo ukae nazo mezani. Angalia kama wamehesabu kwa mita ya mraba au kwa dirisha, wengine wana kiwango cha chini kwa dirisha dogo, la chooni linakuja na bei ya la sebuleni. Kodi imo au haimo? Usafiri, kung'oa, plasta, kubeba uchafu, wavu, bei inashika kwa siku ngapi, kazi inachukua siku ngapi. Garantii iandikwe tatu tofauti, ya kioo, ya fremu na ya ufungaji, na nani unampigia shida ya kila moja ikitokea. Badala ya picha za simu omba kuona kazi aliyoifanya miaka miwili iliyopita, sukuma dirisha uone kama bado linateleza, muulize mwenye nyumba mvua ikija inakuwaje. Bei iliyo chini sana kuliko zote usiitupe, muulize tu ametoa nini, mara nyingi atakwambia mwenyewe bila kubanwa.

Malipo yafuate kazi, adivansi ya vifaa, sehemu vikifika na umevikagua, na kipande cha maana kibaki mpaka umefungua na kufunga kila dirisha mwenyewe na kumwagia maji ya bomba kwa nje kuanzia chini kupanda juu, mtu mwingine akiwa ndani anaangalia. Na ule mzigo wa madirisha ya zamani andikeni mapema ni wa nani, alminiamu chakavu inauzwa, fundi anayeondoka nayo kimya kimya kajiongezea malipo ambayo hayapo kwenye kotesheni yoyote.