Kupiga filamu ya nyumba ya mizimu Mwanza kwa bajeti ndogo

Filamu nyingi za aina hii huharibika kabla mzimu haujatokea: mtazamaji haoni kitu wala hasikii maneno. Giza la kwenye filamu hutengenezwa kwa taa. Ukizima zote na kupandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) hadi 6400, utavuna chenga tu.

Weka balbu ya LED nje ya dirisha, mbele yake kitambaa cha bluu, iwe mbalamwezi. Nyingine ndogo ya njano iwe chumba cha pili, mlango ukiwa wazi kidogo. Uso wa mwigizaji upate mwanga upande mmoja. Kamera iwe fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) sekunde 1/50, kwa kuwa umeme wetu ni hezi 50. Ukiweka 1/60, balbu za bei rahisi zitachezacheza kwenye picha. Kwa simu, tumia programu inayofunga shata na ISO, la sivyo mwanga utabadilika kila mtu anapopita.

Kwa nyumba za Kirumba au Capri Point, wadudu wa ziwani hufuata balbu ya nje ya dirisha, hasa mwezi unapoandama. Usiku huohuo wa giza ndio wavuvi wa dagaa wako ziwani na taa zao, mandhari ya bure kabisa. Piga kwanza ziwa kupitia dirishani taa zikiwa zimezimwa, kisha funga dirisha ndipo uwashe.

Nyumba tupu ya saruji ina mwangwi: tundika mablanketi na simamisha magodoro pasipoonekana. Maikrofoni ibanwe kwenye kola. Zima friji na feni, kisha rekodi sekunde 60 za ukimya wa chumba, za kuzibia mapengo wakati wa kuhariri. Mvua ikigonga bati, piga picha zisizo na maneno.

Mlango unaojifungua: funga mshipi mwembamba wa kuvulia kwenye kitasa, uupake masizi usimetemete. Bawaba zipakwe mafuta ili mlango usikwame; mlio utauongeza baadaye. Vuta taratibu, sekunde 8 hivi bila kusita. Ukivuta kwa nguvu, mlango hugonga ukuta na kurudi, na watu hucheka.

Mzimu uonekane mkono au kivuli. Uso wa poda nyeupe na tomato mdomoni, tafadhali, hapana.

Mbali na kibali cha Bodi ya Filamu, mjulishe mwenyekiti wa mtaa na majirani. Usukumani yowe la usiku huita sungusungu, walinzi wa jadi. Waigizaji wafungue midomo tu. Mayowe yenyewe yarekodi mchana, ndani ya gari lililofungwa vioo.