Mtunzi, gitaa kavu na viti sitini: namna ya kumsikiliza katika ukumbi mdogo

Onyesho la mtunzi anayeimba tungo zake mwenyewe kwa gitaa kavu, lile la mbao linalolia bila umeme, si dansi la bendi, wala si tamasha la uwanjani. Watu ni sitini, wakizidi sana mia, na hakuna ngoma ya kufunika kelele. Glasi ikianguka kaunta imeshaingia ndani ya wimbo. Ukija na mazoea ya tamasha unaweza kukaa hatua tano kutoka kwa mwimbaji na bado usimsikie, na jirani zako nao ukawakosesha.

Kwanza kumpata. Maonyesho madogo mara nyingi hayana fedha za matangazo ya redio, kwa hiyo usisubiri kuambiwa. Ukimpenda Vitali Maembe, Carola Kinasha au Suzanna Owiyo, fuata ukurasa wa msanii mwenyewe na kurasa za kumbi pia: Nafasi Art Space ya Mikocheni na Alliance Française ya Upanga kwa Dar es Salaam, au Alliance Française ya Nairobi, pale Loita inapokutana na Monrovia. Bango likiandika "saa 2:00 usiku", hiyo ni 8:00 PM. Likiandika "7:00" tupu, piga simu uulize. Uliza pia kama huo ni muda wa mlango kufunguliwa au wa wimbo wa kwanza, na kama viti vina namba. Visipokuwa na namba, fika dakika 45 kabla.

Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri, na usifute meseji ya malipo mpaka urudi nyumbani. Tiketi yenye alama ya kuskani usiirushe kwenye status kwa furaha. Anayeskaniwa kwanza mlangoni ndiye anayeingia, awe ni wewe au aliyeipiga picha. Beba na noti ndogo ndogo, maana meza ya CD na fulana mara nyingi haina chenji.

Sasa kiti. Wengi hukimbilia safu ya kwanza katikati, na katika ukumbi mdogo hapo mara nyingi ndipo pabaya. Spika zimesimama pembeni kwenye miguu yake, zinarusha sauti kupita juu ya kichwa chako au nje ya mabega yako. Unachopata wewe ni mlio wa gitaa lenyewe na sauti inayovuja kutoka kwenye spika ndogo ya sakafuni anayojisikilizia mwimbaji. Maneno yanafika yamefifia, na kwa mtunzi maneno ndiyo mali. Kipimo ni chepesi: umbali wako mpaka kila spika ulingane na umbali kati ya spika zenyewe. Spika zikiachana mita 4, kaa katikati, kama mita 3 na nusu kutoka mstari wa spika. Mara nyingi hiyo ni safu ya tatu au ya nne.

Kuna sehemu za kukwepa. Kona na kiti kilichogusana na ukuta wa nyuma, kwa sababu besi hujikusanya huko na gitaa linasikika kama limewekwa ndani ya pipa. Karibu na kaunta, kwa ajili ya blenda na barafu. Chini kabisa ya feni, kwa sababu mvumo wake unameza konsonanti. Ukishindwa kuchagua, tafuta fundi mitambo alipoketi na ukae karibu naye. Anapanga sauti kwa masikio yake, kwa hiyo kinachomridhisha yeye kitakuridhisha na wewe. Spika ikikuumiza, hama kabla hujaanza kusikia mlio masikioni. Vizibo vya masikio vya povu vinasaidia, ingawa vinakata zaidi sauti nyembamba, na mwimbaji ataonekana kama anaimba nyuma ya pazia.

Bustanini mambo hubadilika kidogo. Kaa upande ambao upepo unatoka jukwaani kuja kwako. Dawa ya mbu jipake nyumbani. Ya kupuliza usiipulize karibu na jukwaa, maana mtu anayeimba saa nzima anavuta pumzi nzito na koo likikauka hapo ndipo onyesho linapoishia. Katika miezi ya masika na vuli uliza mapema mvua ikinyesha watahamia wapi.

Wimbo ukianza, nyamaza. Hili lina sababu ya kiufundi kuliko ya adabu. Meza ya nyuma ikiongea, mwimbaji hajisikii, anaomba apandishiwe, fundi anapandisha, na mikrofoni inaanza kulia "wiii". Mlio huo ni sauti ya spika iliyorudi kwenye mikrofoni ikakuzwa upya, na gitaa kavu hulidaka jambo hilo haraka kwa kuwa tumbo lake lenyewe linatetemeka. Watu humgeukia fundi kwa macho makali, kumbe chanzo ni wale wawili wanaosimuliana habari za foleni ya Mwenge.

Simu usiitie mtetemo tu na kuiacha juu ya meza ya mbao, kwani mbao huongeza sauti. Izime, au uiweke katika hali ya ndegeni. Ikikaa karibu na amplifaya inaweza pia kutoa ule mkwaruzo wa "tididi-tididi" sekunde chache kabla ya kuita. Ukiruhusiwa kurekodi, rekodi wimbo mmoja, taa ya simu ikiwa imezimwa, ukiishika usawa wa kifua.

Kati ya nyimbo utamwona anakaza nyuzi. Joto hulegeza nyuzi za chuma na sauti inashuka, hasa gitaa likitoka chumba chenye kiyoyozi kuja kwenye hewa ya Dar. Mwachie nusu dakika hiyo, na usiijaze kwa kupiga kelele ya wimbo unaoutaka. Ombi liandike kwenye karatasi umpe mhudumu au mshereheshaji kabla ya mapumziko. Huenda wimbo huo unahitaji nyuzi zipangwe upya, na hilo linafanyika vizuri nyuma ya jukwaa.

Kiitikio ni chenu, itikieni kwa nguvu. Kupiga makofi kuna mtego: umati huelekea kuharakisha, na hapa hakuna mpiga ngoma wa kuwarudisha. Tazama mguu wa mwimbaji, upige nao. Ukiona ameacha kuutikisa, acheni na nyie.

Kutunza nako kuna utaratibu wake. Kwenye taarab kuinuka na noti wakati mwimbaji anaimba ni sehemu ya shughuli. Mpiga gitaa aliye peke yake mikono yake yote miwili ina kazi, na noti ikidondoka juu ya nyuzi inazizima. Subiri wimbo uishe, uweke kwenye kikapu au kwenye kasha la gitaa lililoachwa wazi.

Akimaliza, mpe kama robo saa ya maji na jasho kabla ya kumsogelea. Mkubwa kwako, anza na shikamoo. Mtajie mstari mmoja uliokugusa, nunua CD kama una pa kuichezea, ondoka. Usafiri wa kurudi panga kabla, kwa kuwa daladala za usiku huwa chache, na anayevuka kwenda Unguja kwa onyesho la usiku ajipangie na pa kulala.

Umeme ukikatika katikati ya wimbo, usikimbilie mlango. Sogeza kiti mbele taratibu bila kukiburuza. Tochi ya simu ielekeze ukutani au darini mwanga urudi laini, usimmulike usoni. Gitaa kavu na sauti isiyo na mikrofoni vinatosha chumba cha watu sitini ikiwa feni zimezimwa na hakuna anayeongea, na feni zimeshajizima zenyewe.